Pidcock na methali ya mshika mbili

UAMUZI wa mwendesha baiskeli Mwingereza Tom Pidcock wa kuihama timu ya Ineos Grenadiers mnamo Desemba 2024, miaka mitatu kabla ya mkataba wake kumalizika, uliwashangaza wengi wanaoufuatilia mchezo huo. Kijana huyo, wakati huo akiwa na umri wa miaka 25, alikuwa ameshatwaa nishani mbili za dhahabu katika Michezo ya Olimpiki, taji la dunia la mbio za matopeni na mkondo mmoja wa Tour de France. Timu aliyoiacha ilikuwa miongoni mwa zile zenye ukwasi mkubwa zaidi duniani. Aliyojiunga nayo, Q36.5, ilikuwa ya daraja la pili, na haikuwa hata na hakika ya kualikwa katika mashindano makubwa ya Ulaya.

Chanzo cha mvutano uliomfikisha hapo hakikuwa kigeni. Kwa muda wa miaka minne swali lilikuwa lile lile: je, kijana huyo aendelee kushindana katika aina tatu za mbio, au aachane na mbili na kuelekeza nguvu zake zote katika kuisaka jezi ya manjano ya Tour de France? Wahenga walishatoa hukumu yao zamani waliponena kwamba mshika mbili moja humponyoka. Pidcock hakushika mbili, alishika tatu. Ni vyema basi kuuliza ni ipi hasa iliyomponyoka, na katika kisa hiki ni nani aliyemponyoka mwenzake.

Kwa msomaji ambaye baiskeli kwake ni ile Black Mamba ya kubebea mitungi ya maziwa, pengine aina hizi za mbio zahitaji ufafanuzi. Mbio za barabarani ndizo zinazofahamika zaidi: lami, kundi kubwa la waendeshaji, na masafa ambayo aghalabu huzidi kilomita 150 kwa siku. Mbio za milimani hufanyika juu ya mawe, mizizi na vijia vya msituni kwa muda wa saa moja u nusu hivi. Saiklokrosi, ambayo ndiyo mbio za matopeni zenyewe, ni jambo jingine kabisa. Msimu wake huanza Septemba na kwisha Februari, wakati Ulaya imefunikwa na baridi na mvua. Njia ni mzunguko wa kilomita tatu hivi unaopita kwenye nyasi, mchanga, matope na ngazi. Vizuizi vya mbao vyenye kimo cha sentimita 40 huwekwa njiani kusudi. Mshindani hushuka, huitupia baiskeli yake begani, hukimbia kwa miguu, kisha huirukia tena bila kusimama. Tairi haziruhusiwi kuzidi upana wa milimita 33, kwa hivyo palipo na tope zito kinachomzuia mtu kuanguka si tairi bali ni mizani ya mwili wake. Haya yote huendelea kwa takriban saa moja, na katika saa hiyo hakuna mahali pa kupumzikia.

Mchezo huu ni mali ya Wabelgiji, hasa wale wa Flanders, na majirani zao Waholanzi. Huko mashabiki hulipa kiingilio na kusimama katika tope lile lile, bia mkononi, kuwatazama mashujaa wao. Mwingereza alikuwa mgeni tu katika karamu hiyo hadi Januari 2017, Pidcock alipotwaa taji la dunia la vijana mjini Bieles, Luxembourg, huku wenzake wawili kutoka Uingereza, Dan Tulett na Ben Turner, wakimfuata katika nafasi ya pili na ya tatu. Mwaka huo huo alishinda mbio za Paris-Roubaix za vijana, zinazopitia barabara za mawe, kisha akatwaa ubingwa wa dunia wa vijana katika mbio za kushindana na saa mjini Bergen, Norway. Alikuwa mzaliwa wa Leeds, jimbo la Yorkshire, mwenye kimo cha mita 1.70 tu, na ilikuwa ameshadhihirisha katika miezi tisa kwamba anaweza kushinda katika tope, juu ya mawe na kwenye lami.

Yaliyofuata yalikwenda kwa kasi. Mnamo 2019 alitwaa taji la dunia la saiklokrosi la walio chini ya umri wa miaka 23 mjini Bogense, Denmark. Mwaka uliofuata alimaliza wa pili nyuma ya Mholanzi Mathieu van der Poel katika mbio za dunia za watu wazima, akashinda Giro ya Italia ya chipukizi, na akawa bingwa wa dunia wa chipukizi wa baiskeli za milimani. Timu kubwa zilianza kumwania. Ineos, iliyokuwa ikiitwa Team Sky hadi 2019, ndiyo iliyompata, na akaanza kuivalia jezi mapema 2021.

Hapa ndipo pa kutua kidogo, kwa sababu mbegu ya ugomvi wote ilipandwa siku hiyo. Kati ya 2012 na 2019 timu hiyo ilikuwa imeitwaa Tour de France mara saba katika miaka minane. Ilijengwa kwa lengo hilo moja. Kila mlo, kila usiku wa kulala juu ya mlima, kila kilo ya mwili ilipimwa kwa mizani ya Julai. Kisha wakatokea Tadej Pogačar wa Slovenia, aliyeshinda Tour ya 2020 na ya 2021, na Jonas Vingegaard wa Denmark, aliyeshinda mbili zilizofuata. Timu iliyozoea kutawala ikajikuta ikimtafuta mrithi. Macho yakamwangukia kijana wa Leeds. Yeye, kwa upande wake, alikuwa ameingia akiwa na baiskeli tatu na hakuona sababu ya kuziuza mbili.

Mwaka wa kwanza ulimpa haki. Aprili 2021 alimshinda Mbelgiji Wout van Aert katika Brabantse Pijl, na siku chache baadaye akapoteza Amstel Gold kwa Van Aert huyo huyo kwa tofauti ndogo mno kiasi kwamba waamuzi walilazimika kuichunguza picha. Mwishoni mwa Mei aligongwa na gari akiwa mazoezini na kuvunjika mfupa wa mtulinga. Alifanyiwa upasuaji, na wiki nane baada ya ajali hiyo akaibuka na dhahabu ya Olimpiki ya baiskeli za milimani huko Izu, Japani. Mnamo Januari 30, 2022, mjini Fayetteville, jimbo la Arkansas nchini Marekani, akawa mwanamume wa kwanza wa Uingereza kutwaa ubingwa wa dunia wa saiklokrosi katika kundi la watu wazima. Alivuka utepe akiwa amelala kifudifudi juu ya kiti, mkono mmoja mbele, mfano wa Superman. Ni kweli kwamba Van der Poel na Van Aert hawakushiriki siku hiyo, na wapo wanaolikumbusha hilo kila taji hilo linapotajwa. Lakini bingwa hushindana na waliofika.

Ushindi uliolitangaza jina lake hata kwa wasiojua lolote kuhusu matope ulikuja Julai 14, 2022, siku ya taifa ya Ufaransa, katika mkondo wa 12 wa Tour de France kutoka Briançon hadi Alpe d'Huez. Siku hiyo yafaa kukumbukwa na Wakenya pia. Katika mteremko wa mlima Galibier Pidcock alilikimbia kundi kuu kwa namna iliyowafanya watazamaji washike roho, akikata kona kana kwamba hazipo, kasi ikivuka kilomita 100 kwa saa. Alimfikia Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1985 na kufundwa na David Kinjah katika vijia vya Kikuyu kabla ya kuwa bingwa wa Tour mara nne, na wawili hao wakashirikiana kuwafikia waliotangulia. Katika kona 21 za Alpe d'Huez kijana aliwaacha wote. Louis Meintjes wa Afrika Kusini alimaliza wa pili. Froome, miaka mitatu baada ya ajali ya 2019 iliyomvunja paja, kiwiko na mbavu, alikuwa wa tatu. Pidcock, akiwa na umri wa miaka 22, ndiye mshindi mwenye umri mdogo zaidi katika historia ya mlima huo.

Mtu akiutazama tena mteremko ule ataona kwamba Pidcock hakuyapata maarifa yake katika lami. Ujuzi wa kuiachia baiskeli iteleze kidogo bila kuipoteza, wa kupima kona kabla haijaonekana, wa kujua breki inashikwa lini na inaachwa lini, ni elimu ya tope. Mwendeshaji aliyekulia barabarani huogopa gurudumu linapoteleza; aliyekulia matopeni huliona hilo kuwa hali ya kawaida. Hoja ya wanaosema alipaswa kuiacha saiklokrosi ili awe bora barabarani inaponea hapa, kwani ushindi wake mkubwa zaidi barabarani ulitokana na saiklokrosi yenyewe.

Hata hivyo, si haki kuusifu mteremko ule na kunyamazia upande wake wa pili. Mnamo Agosti 27, 2022, wiki sita tu baada ya siku ile ya Alpe d'Huez, nahodha wa timu ya Amani, Mkenya Suleiman Kangangi, alianguka na kufariki katika mbio za barabara za changarawe jimboni Vermont, Marekani. Kangangi alikuwa amemaliza wa tatu katika Tour du Rwanda ya 2017 na alikuwa mlezi wa vijana wengi wa Afrika Mashariki waliotamani kuifuata njia yake. Juni 2023 Mswisi Gino Mäder, mwenye umri wa miaka 26, alitumbukia katika korongo akiteremka mlima Albula na kuaga dunia siku iliyofuata. Wanaoshuka milima kwa kasi ile hawavai chochote cha kuwakinga isipokuwa kofia na nguo nyembamba. Ustadi hupunguza hatari hiyo, ila hauiondoi, na kampuni za televisheni zinazozirudia picha za Galibier kila mwaka zingefanya vyema kulitia hilo maanani.

Baada ya 2022 mzozo wa kalenda ulianza kujitokeza bayana. Februari 2023 Pidcock hakwenda Hoogerheide, Uholanzi, kulitetea taji lake la matopeni; aliliacha liende ili ajiandae kwa msimu wa barabara. Mwezi uliofuata alishinda Strade Bianche nchini Italia, mbio zinazopitia barabara nyeupe za vumbi, akiwa peke yake. Katika Tour ya mwaka huo alimaliza wa 13. Mwezi mmoja baadaye, nchini Scotland, akawa bingwa wa dunia wa baiskeli za milimani. Hayo ni matokeo ambayo yangemtosha mwendeshaji yeyote. Kwa timu iliyomwajiri, nafasi ya 13 ndiyo iliyohesabiwa, na wala si vigumu kuelewa kwa nini: mfadhili huijua Tour de France, na wengi wa wafadhili hawajui kingine.

Mwaka wa 2024 uliyaweka mambo peupe. Aprili alishinda Amstel Gold, ile iliyomponyoka kwa picha miaka mitatu awali. Julai alijiondoa katika Tour kwa ugonjwa wa Covid kabla ya mkondo wa 14. Wiki mbili baadaye, Julai 29, alikuwa kwenye kilima cha Élancourt, nje ya Paris, akilitetea taji la Olimpiki. Gurudumu la mbele lilipata pancha akiwa mbele, na alipokwisha kubadilishiwa alikuwa nyuma kwa sekunde zipatazo 40. Alizirejesha moja baada ya nyingine. Katika mzunguko wa mwisho alimkuta Mfaransa Victor Koretzky akiongoza mbele ya mashabiki wa nyumbani. Njia ilipogawanyika kwenye mti, mmoja alipita upande huu na mwingine upande ule, na zilipoungana tena wakagusana. Pidcock ndiye aliyetokeza mbele. Mashabiki walimzomea. Alan Hatherly wa Afrika Kusini alitwaa shaba. Kabla ya Pidcock, ni Mfaransa Julien Absalon pekee, mwaka wa 2004 na 2008, aliyekuwa ameshinda dhahabu hiyo mara mbili mfululizo miongoni mwa wanaume.

Oktoba mwaka huo huo, katika mkesha wa Il Lombardia, mbio kubwa za mwisho za msimu, jina lake liliondolewa katika kikosi cha Ineos. Hakulificha. Aliwatangazia mashabiki wake mtandaoni kwamba ameachwa nje ilhali mwili wake uko tayari. Mfanyakazi anapofikia kuwaambia wapita njia yaliyo kati yake na mwajiri, huwa kilichosalia ni kutafuta tarehe ya kuagana.

Yaliyotokea Desemba yana uzito kuliko inavyodhaniwa na waliozoea soka. Katika kabumbu klabu humnunua mchezaji kutoka kwa klabu nyingine, pesa hulipwa, na mambo huisha. Katika mbio za baiskeli desturi ilikuwa kwamba mkataba huheshimiwa hadi siku yake ya mwisho. Soko la kununuana katikati ya mkataba halikuwepo kwa maana halisi. Timu hazina uwanja wa kukodisha wala tiketi za kuuza. Hazina mgawo wa maana katika haki za televisheni. Kile zilicho nacho ni jina la mfadhili kifuani na mikataba ya waendeshaji. Mikataba ikianza kuvunjika, timu ndogo hubaki bila ulinzi wowote. Mbelgiji kijana Cian Uijtdebroeks alikuwa ameshaihama timu yake kabla ya wakati mwishoni mwa 2023, na bingwa wa Olimpiki Remco Evenepoel alikubaliwa kuihama yake mwishoni mwa 2025, mwaka mmoja kabla ya kipindi chake kutimia. Kisa cha Pidcock kilikwenda kinyume na hivyo viwili, kwa kuwa yeye alitoka kwa tajiri na kwenda kwa asiye tajiri kiasi hicho. Ineos nayo haikumng'ang'ania. Ilimruhusu aende, jambo linaloashiria kwamba pande zote mbili zilikuwa zimechoshana.

Timu aliyojiunga nayo ina nasaba ya Kiafrika ambayo haitajwi vya kutosha. Meneja wake ni Doug Ryder wa Afrika Kusini, mwendesha baiskeli wa zamani aliyeiwakilisha nchi yake katika Olimpiki ya Atlanta mnamo 1996. Ni Ryder aliyeiongoza MTN-Qhubeka, ambayo mwaka wa 2015 ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kushiriki Tour de France. Katika Tour hiyo Daniel Teklehaimanot wa Eritrea alivaa jezi ya madoa mekundu ya mfalme wa milima. Meintjes, yule wa pili nyuma ya Pidcock pale Alpe d'Huez, alikuwa miongoni mwa waliokuwa katika kikosi hicho. Timu ilibadilisha majina kadiri wafadhili walivyobadilika, hadi fedha zilipokauka na ikafungwa mwishoni mwa 2021. Ryder alirudi mwaka wa 2023 na Q36.5, iliyosajiliwa Uswisi. Bilionea Ivan Glasenberg, naye mzaliwa wa Afrika Kusini, ndiye aliye nyuma ya mradi huo. Kusema kweli, Q36.5 si timu ya Afrika kama ile ya 2015, na anayeitafuta Asmara au Nairobi katika orodha ya waendeshaji wake wa kwanza atatafuta sana. Lakini ni timu ya mtu aliyewahi kupoteza kila kitu katika mchezo huu na kuanza upya, na pengine ndiyo sababu aliweza kumwahidi kijana jambo ambalo tajiri hakuweza kumwahidi: kwamba kalenda yake itakuwa yake.

Ahadi hiyo ilikuwa na bei. Timu za daraja la kwanza huingia katika mashindano makubwa kwa haki. Za daraja la pili hungoja kualikwa. Mwanzoni mwa 2025 Q36.5 haikuwa na hakika ya kushiriki Giro d'Italia, na ilipata nafasi baada tu ya shirikisho la kimataifa la mchezo huo kuruhusu idadi ya timu iongezwe. Tour de France ya mwaka huo iliendelea bila Pidcock. Fikiria bingwa wa Olimpiki mara mbili akiitazama Tour kwenye runinga, si kwa jeraha wala kwa kukosa kasi, bali kwa sababu ya jezi aliyoichagua.

Alianza vyema kwa kushinda AlUla Tour nchini Saudi Arabia, kisha akamaliza wa pili nyuma ya Pogačar katika Strade Bianche. Katika Giro hakuingia kumi bora, na wenye methali yao wakaanza kuinyoosha tena. Julai akarejea kwenye baiskeli ya milimani. Ndipo ikaja Vuelta a España.

Katika mkondo wa 11, mjini Bilbao, alichomoka katika mlima wa mwisho na ni Vingegaard pekee aliyeweza kumfuata. Huenda angeshinda, huenda asingeshinda. Hakuna atakayejua, kwa kuwa waandamanaji waliokuwa wakipinga vita vya Gaza na ushiriki wa timu ya Israel walikuwa wameujaza mwisho wa njia, na waandalizi wakaamua kuchukua muda kilomita tatu kabla ya utepe bila kumtangaza mshindi. Hata mkondo wa mwisho mjini Madrid haukumalizika kwa sababu hiyo hiyo. Hesabu zilipofungwa Septemba 14, Vingegaard alikuwa wa kwanza, Mreno João Almeida wa pili, na Pidcock wa tatu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika jukwaani katika mashindano ya wiki tatu. Wiki mbili baadaye mjini Kigali, katika ubingwa wa dunia wa barabarani uliofanyika Afrika kwa mara ya kwanza, alimaliza katika kumi bora kwenye njia ya kilomita 267.5 ambayo waendeshaji 30 tu waliweza kuikamilisha.

Je, matokeo hayo yanaikanusha methali? Jibu la haraka lingekuwa ndiyo, nalo lingekuwa jibu la kizembe. Ukweli ni kwamba Pidcock hakushiriki saiklokrosi kabisa katika majira ya baridi yaliyoitangulia Vuelta ile. Alipumzika na kujenga mwili taratibu, jinsi wale makocha wa zamani walivyotaka. Mbio za wiki tatu zinamtaka mtu aliyelala usingizi wa kutosha mwezi wa Desemba, na saiklokrosi humwamsha kila Jumapili na kumtupa kwenye baridi. Van der Poel, ambaye hadi Februari 2025 alikuwa amelitwaa taji la dunia la matopeni mara saba, na Van Aert, aliyelitwaa mara tatu, wameshinda mbio nyingi kubwa za siku moja. Hakuna kati yao aliyewahi kushinda mashindano ya wiki tatu. Ni vigumu kudai kwamba hilo limetokea kwa bahati tu.

Tofauti iko mahali pengine. Pale Ineos, kuliacha tope kulikuwa sharti la mwajiri. Katika timu yake mpya kulikuwa chaguo lake, na lingeweza kutenguliwa msimu uliofuata. Wanaosimamia wanamichezo chipukizi, wawe wa baiskeli au wa riadha, huwa wepesi kulipuuza jambo hili kwa sababu halionekani katika mashine za kupimia mapigo ya moyo. Kijana aliyezoea kushinda kwa sababu anapenda anachokifanya hawezi kuamriwa akipende kingine kwa amri ya ofisini, hata ofisi hiyo ikimlipa vizuri. Ineos ilipima kila kitu cha Pidcock, na bado ikamkosa.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wasimamizi wa mchezo huu hapa nchini wangelitazama. Pidcock hakuanguka kutoka mbinguni. Kabla ya kufikisha umri wa miaka 18 alikuwa ameshashindana mara nyingi mno katika bustani na viwanja vya nyasi, kwenye njia fupi ambazo klabu ndogo zaweza kuziweka kwa kamba na vigingi, bila kuifunga barabara wala kuwaita polisi. Saiklokrosi haihitaji baridi ya Ulaya. Yahitaji shamba, mteremko mdogo na mvua, na kuanzia Machi hadi Mei maeneo ya Kikuyu, Limuru na Eldoret hayapungukiwi na chochote katika hivyo. Froome mwenyewe aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Melbourne mnamo 2006 kabla ya kuchukua leseni ya Uingereza mnamo 2008, na msingi wake wa kwanza ulikuwa juhudi za Kinjah, mtu mmoja, wala si mfumo.

Kuhusu Pidcock, mtihani mgumu zaidi bado uko mbele. Mkataba wake na timu ya Ryder uliandikwa hadi mwisho wa 2027. Olimpiki ya Los Angeles imepangwa kuanza Julai 14, 2028, mwezi ule ule ambao Tour de France huwa barabarani, na atakuwa akikaribia kutimiza miaka 29. Hakuna mwanamume aliyewahi kushinda dhahabu ya baiskeli za milimani mara tatu, na hakuna aliyetoka jukwaani katika Vuelta asiyetamani jukwaa la Paris.